Picha ya Mazishi

Kwenye treni ya asubuhi, dada mmoja alikuwa akimsimulia mzee aliyekaa mkabala naye kazi yake ya kuombea msitu ufadhili. Mzee alikuwa amestaafu uaskari wa wanyamapori. Hawakujuana, na mimi sikuwa nimekaribishwa, ila masikio hayana mlango.

"Wafadhili wanataka picha ya mazishi ya askari wetu aliyeuawa na majangili," dada alisema. "Eti itawagusa wachangiaji. Wakitunyima fedha, doria zinasimama."

"Mjane umemuuliza?"

"Amekubali, baba. Hata sijamaliza kueleza, akakubali."

"Hapo hakukubali, mwanangu. Hakuwa na nguvu ya kukataa."

"Na askari waliobaki? Nao wana wake. Niwaache waingie msituni bila redio, bila gari?"

Mzee akageukia dirishani. Niligeuza ukurasa wa gazeti nisilolisoma.

"Mimi nimezika wenzangu wengi," alisema hatimaye. "Hakuna aliyewahi kutuomba hata picha. Sijui lipi linauma zaidi."

Treni ilisimama. Dada alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akashuka.