Mazoezi ya Jumamosi

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali siku hizi, na wewe Gwakisa zima hiyo redio. Nyumba ya kule mtaa wa Soweto ni ya mama yenu mpaka naye apumzike. Shamba la viazi la hapa Uyole mtagawana nusu kwa nusu na dada yako, na ule mpaka niliougombania na jirani miaka kumi mwachieni, nimeuchoka. Kinachoninyima raha ni shule ya Jumapili.

Devotha, wazee wa kanisa wamekupa uongozi wa watoto niliokuwa nao mimi miaka thelathini na moja, na hata miezi mitatu hujamaliza, nasikia umemwondoa mwalimu Jofrey kwenye zamu kwa sababu alikwambia masomo yako ni marefu, watoto wanasinzia. Mwanangu, hasira hiyo ni yangu. Umeirithi kabla sijafa.

Sikieni nilichofanya. Tukijiandaa kwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi, na mtoto aliyekosa mara tatu hakusimama mbele ya kanisa siku hiyo kusema mistari ya Biblia, alikaa benchi la nyuma akiwatazama wenzake. Nikasema ndiyo nidhamu. Damari huyu, aliyefika jana kutoka Rujewa, wakati huo mwalimu kijana, akaniambia kwenye kikao, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, wanaobaki nyuma ni walewale kila mwaka. Jumamosi wanachimba viazi na mama zao. Tufanye mazoezi Jumapili, ibada ikiisha." Kabla hajamaliza nikamuuliza katumwa na nani. Nikamfuta kwenye zamu, asifundishe tena.

Miaka ikapita. Siku moja nikakutana na Happy, aliyekulia kwenye benchi lile, sasa ana watoto wawili, nikamwambia awalete. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Sitaki wazoee kukaa nyuma." Nililia njia nzima. Nikahamisha mazoezi, mchungaji akanisifu mbele ya washarika, nami nikapokea sifa kana kwamba wazo ni langu. Miaka tisa nimenyamaza, wanangu, na kunyamaza kunachosha kuliko kulima.

Basi, Devotha, kabla ya Jumapili nenda kwa Jofrey umwombe radhi, umrudishe. Mtu akikukosoa, usimjibu siku hiyohiyo. Nenda ukawatazame watoto kwanza. Itauma. Kwangu bado inauma.

Gwakisa, niinue kidogo... hapo, basi. Damari, wazo lilikuwa lako. Nasema mbele ya wanangu, na Devotha atalisema kanisani, niwepo nisiwepo. Unisamehe, mama. Ndaga fijo, asante sana kwa kuja.

Mungu awatunze, wanangu... awape uvumilivu ambao mimi... ulinishinda. Mpendane. Sasa tokeni, mniache na Damari. Siku ile hakumaliza, nilimkata kauli. Na amalize... mimi nasikiliza.