Kikohozi cha Mama Ndoo

Sogeeni karibu, wanangu, na mfunge hilo dirisha, maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na pikipiki za barabarani. Nisikilizeni mpaka mwisho, wala msiniambie nipumzike. Kupumzika kunanisubiri na hakuna haraka.

Nyumba na piano ni vyenu wawili, gawaneni bila kelele, kwani ugomvi wa ukoo huu nimeumaliza wote mimi. Ninalowaitia limo katika lile kabati la chuma, rafu ya mwisho, chini ya nota za kwaya: kaseti moja yenye karatasi nyekundu.

Mnajua niliongoza kwaya ya chuo kikuu miaka ishirini na sita, katika ukumbi unaovuja, kwa piano yenye vibonye viwili vilivyokufa. Msilolijua ni kwamba wimbo ulionipa jina, ule unaoimbwa kila mahafali, sikuupata kwa wazee wa mbali kama vitabu vinavyodai. Niliupata kwenye ngazi za jengo letu, kwa mfagizi ambaye wanafunzi walimwita Mama Ndoo. Aliutunga mwenyewe, baada ya mama yake kuzikwa yeye akiwa zamu, amenyimwa ruhusa. Nilimrekodi akipiga deki. Alipofika kwenye mstari usemao "nimefika, mama, mlango umefungwa", dawa ya sakafu ikamkaba, akakohoa baada ya neno "mama". Nilipokaa kuandika nota nikakuta pale pameharibika, nikaweka alama ya kimya, mapigo mawili, nikijiambia kesho nitamuuliza. Shindano lilikuwa siku tatu mbele. Sikumuuliza.

Kwaya ikaimba, ikafika pale, ikanyamaza, majaji wakatoa leso. Tukarudi na kombe. Mama Ndoo alikuwa amesimama mlango wa nyuma na fagio lake, akaniambia, "Mwalimu, mbona mnakata? Hapo mimi nilikohoa tu." Nikacheka, nikamwambia, "Dada yangu, watu wamelia." Akaniangalia, akasema, "Haya, wakilie kikohozi changu," akaenda zake kumalizia vyoo.

Na mimi, msomi, mama yenu, juu ya ukurasa niliandika nini? "Wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani." Hajulikani, na tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi! Idara isingepokea utafiti uliotoka kwenye ndoo ya maji machafu, nami nilitaka cheo. Nilitaka, wanangu, sitawadanganya leo.

Ndipo akaja yule mliyezoea kumwita mjomba, Profesa Tai, na tai zake za hariri. Alifungua kabati langu nikiwa likizo ya kumzaa wewe mdogo, akanakili nota zangu zote, akaandika kurasa arobaini juu ya mapigo yale mawili, akiyaita "kimya cha staha kwa wafu". Kikohozi kikampa uprofesa! Kikampa ofisi yenye zulia! Niliporudi akaniambia mbele ya idara nzima, "Mama, wewe endelea kupunga mikono, uchambuzi tuachie sisi." Wakacheka, hata wale niliowafundisha kusoma nota. Mnaniuliza kwa nini sikusimama nikamuumbua? Ningesimama na nini? Ushahidi wa wizi wake ni kosa langu, na kosa langu lina jina la mtu nililolificha. Nikameza. Nimemeza miaka thelathini, na hiki kinachonitafuna kifuani daktari akipe jina analotaka.

Sasa amenitumia barua, mmeiona, yenye mhuri. Atakuja kwenye mazishi yangu na kwaya, wimbo uimbwe, kisha achukue makabati yangu akayaweke katika chumba chenye jina langu. Msimpe hata karatasi. Kaseti ile na daftari la nota mpelekeeni binti wa Mama Ndoo, ni fundi cherehani, kibanda cha tatu nyuma ya soko. Jina kamili la mama yake liko nyuma ya kaseti, kwa mwandiko wangu. Mwambieni nilichelewa. Msinitetee.

Na wewe kifungua mimba, unayeongoza kwaya ile leo, unayesainiwa mkataba na mkono wa Profesa huyohuyo, nakuachia zito kuliko nyumba. Siku hiyo atakaa mstari wa mbele, atainamisha kichwa akisubiri kimya chake. Usimpe. Pitisha wimbo moja kwa moja, kama ulivyotungwa, na kabla hujainua mkono mtaje aliyeutunga, umtaje kwa sauti, hata kama ni mara yako ya mwisho kusimama mbele ya kwaya ile. Najua ninachokuomba. Mimi sikukiweza. Usilie, niinulie mto.

Mbaki pamoja, wanangu. Kazi za mikono yenu zitajwe kwa majina yenu, na msile jasho la mtu akiwa hai mkamwita hajulikani. Nimewaridhia... wote wawili. Njoo hapa, mkubwa, nipe mkono wako, nikufundishe wimbo ulivyo, polepole... sauti ya pili iingie chini... nimefika, mama...

Hapana, hapana, usikate. Ni kikohozi tu. Endelea.