Lebo Mbili za Uongo: Maisha ya Norbert Kuczmarek, Fundi Umeme

Baba Padri, wafiwa, majirani na ndugu mlioacha joto la nyumba zenu mkaja kwenye baridi hii, familia imeniomba mimi Eugene, mume wa dada wa marehemu, niwasomee maisha ya ndugu yetu, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda kupambwa, hatutampamba.

Norbert Kuczmarek alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, hapa Bay City, Michigan, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Casimir, mkulima wa viazisukari, na mama Helen. Alisoma shule ya parokia, akamaliza sekondari Juni 1969, akajifunza ufundi umeme, na tarehe 4 Januari 1971 akaajiriwa katika kiwanda cha kukandamiza mabati ya milango ya magari, ng'ambo ya mto, asijue kazi nyingine mpaka kilipofungwa.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Delphine Rourke, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa watoto wawili, Lynette mwaka 1977 na Craig mwaka 1980, na wote wawili walihamia mbali kutafuta kazi, maana hapa hazipo.

Mwaka 1988 kiwanda kilinunua mitambo ya kuchunga mashine, naye Norbert akakabidhiwa kazi ya kufunga sensa, vifaa vya kupima mzigo na kuuonyesha kwenye skrini, kwenye miguu minne ya kila mashine, ili ikizidiwa isimame yenyewe kabla haijavunjika au kumvunja mtu. Kila waya aliuwekea lebo ncha zote mbili. Kwenye mashine kubwa kuliko zote alikosea, lebo za nyaya mbili zikapishana, akazigeuza nyaya zenyewe kwenye kisanduku, skrini ikasema kweli, lakini lebo hakuzibadilisha, kwanza kwa uvivu, baadaye, tuseme ukweli, kwa raha ya kuitwa. Kila fundi mgeni aliyechomoa nyaya na kuzirudisha kwa kufuata lebo hizo aliifanya skrini ilalamikie mguu mzima na kuuacha mgonjwa, nao wenzake wakampigia kelele kutoka upande wa pili wa karakana, "Norb! Njoo, mtoto wako anasingizia mguu tena!" Naye akawajibu akijifuta mikono, "Mwacheni, huyo haongei na kila mtu."

Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa Meksiko, na Norbert akabakizwa miezi michache ili azifungue na kuhakikisha kila lebo ni sahihi, kazi ya mtu kujichimbia kaburi lake mwenyewe, naye akaifanya kwa uaminifu wote, isipokuwa zile mbili. Jioni ya siku aliyomaliza, wakila pierogi, vile vipande vya unga vyenye viazi ndani, alimwambia mkewe, "Zile mbili nimeziacha vilevile, Del. Hawataziweza. Watapiga simu." Delphine akacheka, "Wewe mzee una hila!" lakini yeye hakucheka, na kesho yake alikwenda kutafuta pasipoti, mtu ambaye hajawahi kuvuka hata kwenda Kanada.

Akangoja. Alikataa kazi ya kubadilisha taa shuleni, asije akaitwa akiwa juu ya ngazi, akawa hatoki bila simu, hata kanisani aliiweka kwenye goti.

Masika ya 2012 Virgil Haskins, fundi mwenzake, aliyekwenda Meksiko kufundisha wenyeji, alipita kumsalimu. Norbert akamuuliza, kama mtu asiye na haraka, "Ile kubwa je? Haiwasumbui?"

"Hata kidogo, ndugu yangu. Nyaya zote walizikata siku ya kwanza, wakatupa kwenye chuma chakavu. Wamefunga sensa mpya, hazina waya."

"Zote?"

"Hakuna aliyesoma hata lebo moja, Norb."

Alinyanyuka, akaosha vikombe vya kahawa, akamsindikiza mgeni mpaka kwenye gari. Jioni ile Delphine alimwona anachomeka simu kwenye chaji kama kawaida, akamuuliza ya nini sasa, naye akamjibu, "Huenda wakawa na swali."

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016, akatibiwa bila nafuu, na Alhamisi, tarehe 7 Februari 2019, alfajiri, akafariki nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliobeba jeneza, Virgil akiwa mmoja wao. Waliomwajiri tungependa kuwashukuru pia, lakini tulipowapelekea taarifa ya msiba, hatukujibiwa.

Pumzika kwa amani, Norbert. Usingoje tena.