Kinachozimika Nyumbani kwa Vipimo

Benchi la Malam Bala pale mtaani Mokola lina miguu mitatu. Upande wa nne limeegeshwa juu ya rimu ya gari, na anayekaa upande huo lazima awe amezoea. Mbele yake kuna meza ya chai: birika, makopo ya maziwa, trei ya mayai, na mikate iliyopangwa hadi inamfikia Malam kidevuni. Juu ya meza inaning'inia balbu moja iliyoungwa moja kwa moja na waya wa mtaani. Hiyo haikuwekwa pale kumulika. Iko pale kuwaambia watu kama umeme upo au haupo, na mtaa mzima unaiamini kuliko redio. Mchana huo wa Ijumaa ilikuwa inawaka, na Gbenro alikuwa akiitupia jicho kila baada ya funda moja la chai, kama mama mwenye mtoto aliyepanda ukutani.

Gbenro ni fundi wa madirisha ya alumini. Benchini wanamwita Vipimo, maana hajawahi kukata kioo bila kwenda kupima dirisha mara mbili, hata kama dirisha lenyewe alilitengeneza yeye. Kwa kawaida ni mtu mtulivu. Siku hiyo alikuwa ameshakaa, akasimama, akakaa tena, na chai ilikuwa bado nusu kikombe.

Shida ilikuwa ya mkewe, Mama Tolani. Yeye hufanya kazi nyumbani: anavaa kile kidude cha masikioni, anafungua kompyuta, anapokea simu za wageni wa hoteli moja ya nchi za mbali huko. Wiki hiyo simu zilikuwa zimemkatikia mara tatu kwa ajili ya umeme, na bosi wake akamwandikia kwamba mara ya nne ndiyo mwisho wa kazi. Zamu ya leo inaanza saa nane. Na tangu watu waache kuweka madirisha mapya, kazi hiyo ndiyo inayoleta chakula mezani na kumpeleka Tolani shule. Vipimo alilijua hilo vizuri, na lilimkaa rohoni vibaya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Alhaji Raufu, la betri na jenereta. Pesa alikuwa nazo mfukoni. Angeweza kuvuka tu akanunua. Ila alitaka kwanza asikie wenzake wanasemaje, na hapo ndipo alipojiharibia.

— Jamani, nina muda mchache, — alisema. — Alhaji anafunga saa saba kwenda swala ya Ijumaa, hafungui mpaka saa tisa. Sasa hivi ni saa sita na robo. Ninunue nini?

— Hilo nalo ni swali? — alisema Sikiru. Huyu ana mashine ya kusaga pilipili, na kwa kuishi na kelele zake amezoea kuongea kama anayemwita mtu wa mtaa wa pili. Wanamwita Muungurumo. — Nunua Nimempita Jirani.

Ndivyo wanavyoiita ile jenereta ndogo ya kubebwa mkono mmoja.

— Itapiga kelele, — alisema Vipimo. — Mke wangu anaongea na simu.

— Ndiyo uzuri wake. Mtaa mzima unajua nyumba fulani kuna mwanamume. Mwizi akisikia anapita. Na ule moshi unafukuza mbu, mimi tangu ninunue yangu sijaumwa malaria.

— Ulilazwa mwezi wa tatu, — alisema Malam Bala huku akivunja yai. — Mimi ndiye niliyekuletea uji.

— Hiyo ilikuwa taifodi, Malam. Usichanganye mambo.

Aliyekohoa hapo kuomba nafasi alikuwa Baba Olaniyonu, mstaafu wa ofisi ya ardhi, anayetembea na kalamu mbili mfukoni ingawa hakuna anayemtaka aandike kitu. Wao humwita Karani. Karani haongei mpaka watu wanyamaze, na wakinyamaza anachelewa tena kidogo.

— Mtoto wangu Gbenro, usimsikilize huyu. Mgeni wa hoteli anapiga simu, anasikia nyuma kuna trekta. Atalala hoteli hiyo?

— Atadhani ni ndege, — alisema Muungurumo. — Wageni wa hoteli wanapenda ndege.

— Unachohitaji ni inveta, — Karani aliendelea, kana kwamba hakusikia. — Ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na betri nne kubwa. Kimya kabisa. Lakini kuna masharti. Betri haiwekwi kwenye sakafu ya simenti, kwa sababu simenti inanyonya umeme. Usiku kucha inanyonya. Asubuhi unakuta betri tupu, na sakafu ukiikanyaga unasikia miguu inakuwasha.

— Niziweke wapi?

— Kwenye ubao. Ubao ukikosekana, godoro.

— Godoro, — alisema Vipimo polepole. Nyumbani kwake kulikuwa na magodoro mawili, na yote yalikuwa na watu.

— Nipe karatasi nikuchoree.

Vipimo alijipapasa mfuko wa shati, akatoa futi yake ya chuma, na pamoja nayo ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Tolani alikuwa amemtilia humo asubuhi wakati anatoka, na yeye akadhani ni orodha ya sokoni tu, nyanya na kitunguu kama kawaida. Aliitoa bila kuitazama. Karani akaikunjua, akailaza upande mweupe juu, akaanza kuchora betri ya kwanza kwa umakini mkubwa, pamoja na kivuli chake.

Ikawa saa sita na nusu. Vipimo alisimama.

— Kaa chini, unanitingishia benchi, — alisema Karani.

— Nyote mnamdanganya, — alidakia Idowu, kinyozi. Yeye paa lake lina paneli moja ya sola, anachajia watu simu, na kwa hiyo wanamwita Mionzi. — Jua ni la bure. Weka paneli juu ya bati, umemaliza mchezo.

— Na likifunga wingu? — Vipimo aliuliza.

— Wingu ni jambo dogo. Paneli nzuri inakula mwanga wowote. Yangu mimi inachaji mpaka kwa taa ya uzio wa kanisa. Siku moja radi ilipiga karibu, simu sita zikajaa kwa mkupuo. Wenyewe walikuja wakashangaa.

— Hizo simu ziliungua, Mionzi, — alisema Malam Bala. — Moja ilikuwa yangu.

— Zilijaa kwanza, ndiyo zikaungua.

Kabla hajaendelea, balbu ikazimika.

Mtaa mzima uliguna kwa pamoja, kule kuguna kusiko na hasira tena, ni mazoea. Halafu jenereta zikaanza moja baada ya nyingine: ya duka la dawa, ya mshona nguo, ya kanisani. Muungurumo alitabasamu kama mtu aliyeimbiwa wimbo wake. Vipimo alimwona akilini Mama Tolani amekaa kwenye kiti kile cha plastiki, kidude kichwani, anasema "haloo, haloo" na hakuna anayejibu. Alimwonea huruma, na akajionea haya kwamba yeye yuko hapa anakunywa chai.

— Nachukua inveta, — alisema.

— Betri zake lakini hazitaki makelele ya nyumbani, — alisema Karani, akiwa kwenye betri ya tatu. — Hilo sikukwambia. Jirani yangu, wakwe walikuja wiki mbili, ugomvi kila siku. Betri zote zilivimba.

— Basi jenereta.

— Jenereta na betri vifungiwe pamoja, — alisema Muungurumo, ambaye sasa alikuwa amechangamka. — Jenereta inaijaza betri, betri inaiwasha jenereta. Vinazungukana. Petroli unatia siku ya kwanza tu.

— Na paneli juu yake, — aliongeza Mionzi. — Halafu ile ziada unamuuzia jirani.

— Hapana, unaunga kwenye nguzo, — alisema Karani, naye heshima yote ikamtoka kwa furaha. — Unaupeleka umeme kinyumenyume, mpaka kwenye kituo cha kampuni ya umeme. Kampuni ndiyo iwe inakuomba wewe.

Vipimo aliwatazama mmoja mmoja. Watu hawa alikuwa anawapenda, na kwa dakika hiyo alitamani benchi liwamwage wote.

— Saa saba kasoro robo, — alitangaza Malam Bala. — Naepua birika. Anayetaka chai aseme sasa, mimi naenda kutawadha.

— Nipatie mimi, Malam, na mkate kidogo.

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa ameegemea nguzo muda wote huo, gurudumu la gari lake likizibwa kwa fundi wa pancha hapo jirani. Mionzi alimsogezea nafasi, upande wa rimu, na mwanamke akakaa bila benchi kutingishika.

— Samahani, kaka zangu, — alisema. — Nimesikia maneno yenu kidogo, msinione mdakuzi. Huyo mama kwake umeme ukikatika, kinachozimika ni nini?

— Nyumba nzima, dada, — alijibu Muungurumo.

— Nyumba nzima nimeelewa. Nauliza ile simu yake. Kompyuta yake ni ya mezani au ya kukunja?

— Ya kukunja, — alisema Vipimo.

— Basi ina betri yake humo ndani. Umeme ukienda, kompyuta inazima?

Vipimo alijaribu kukumbuka. Umeme ukikatika mchana yeye yuko kazini, au yuko hapa. Ukikatika jioni anatoka barazani kupunga upepo. Hajawahi hata siku moja kukaa mle chumbani akaona kinazima nini na kinabaki nini.

Karani aliinua kalamu, akaishusha. Mionzi alitazama juu.

— Vipimo, — alisema Muungurumo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. — Hukupima?

Neno hilo lilimwingia. Mtu akimwagiza dirisha kwa simu, Vipimo humjibu kwamba hajui kukata kioo cha nyumba asiyoiona. Na nyumba yake mwenyewe alikuwa anataka kuikatia kwa maneno ya benchini.

Alitoa simu, akapiga. Ikaita mara moja tu.

— Mama Tolani, umeme ukikatika, kompyuta inazima?

— Baba Tolani. — Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kungoja. — Umeshanunua?

— Bado. Nataka kujua kwanza.

— Sasa saa hizi ndiyo unataka kujua? Jumatatu nilianza kukueleza, ukasema mambo ya umeme nikuachie wewe. Nikaona basi, nikuandikie. Karatasi niliyokutilia mfukoni asubuhi umeisoma?

Vipimo aligeuka. Karatasi ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha Karani, imejaa betri nne, godoro, paneli, na nguzo yenye mshale unaorudi nyuma. Aliivuta. Chai ilimwagika kidogo. Akaigeuza upande wa pili, na huko kulikuwa na mwandiko wa mkewe, mdogo, ulionyooka.

"Kompyuta ina betri, inakaa saa tano. Kinachozimika ni kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kijani, ndicho kinachonikatia simu. Alhaji anauza kibetri kidogo cha kisanduku hicho, kinalingana na mche wa sabuni. Volti 12. Nimesoma chini ya kisanduku."

Ng'ambo ya barabara shata la duka lilikuwa limeanza kushuka.

Vipimo aliiacha karatasi na futi mezani, hakuaga. Alikatiza mbele ya pikipiki mbili, akatukanwa na zote mbili, akafika na kuzuia shata kwa kiganja. Alhaji Raufu, tayari amevaa kanzu nyeupe na tasbihi mkononi, alimwambia arudi saa tisa. Vipimo alimwambia kibetri cha intaneti, volti kumi na mbili, na Alhaji akacheka kidogo.

— Hicho? Kimekaa hapo tangu mwaka jana. Kila anayekuja hapa akitoka benchini kwenu anataka jenereta.

Akamtolea, akapokea pesa, akashusha shata mpaka chini.

Vipimo alirudi kuchukua futi yake. Boksi la kibetri lilikuwa jepesi mkononi mwake hata akaliangalia ndani mara mbili kuhakikisha kama kimo. Malam Bala alikuwa ameshafunika meza kwa turubai. Mwanamke wa gari alikuwa amekwenda. Wale watatu walikaa wamejipanga sawasawa, na karatasi ilikuwa magotini kwa Karani.

— Mtoto wangu, — alisema Karani, akimpa karatasi bila kumtazama usoni. — Hukumaliza kusoma. Kuna mstari mmoja pale chini.

Vipimo aliipokea. Mstari ulikuwa umepigiwa mstari mwingine chini yake, mara mbili.

"Nenda dukani moja kwa moja. Nakuomba, leo usipitie benchini."

Aliikunja mara nne, akairudisha mfukoni kwanza, halafu futi juu yake. Kisha akasimamisha pikipiki.