Aliyeshukuriwa kwa Jina: Maisha ya Hedley Scrimshaw wa Nyumba ya Pampu

Mchungaji, mama mdogo Muriel, binamu zangu Alison na Colin, majirani wa Gedby Drove na nyote mliosafiri kuja kutuzikia, poleni na msiba. Mimi ni Neville, mtoto wa Ernest, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kusoma maisha yake, kazi niliyoipokea kwa heshima. Kabla sijaanza naomba simu zibaki mifukoni, asirekodi mtu wala kupiga picha, na kama mmeona hatukuchapisha karatasi ya maisha yake kama ilivyo desturi yetu hapa, sababu mtaisikia mbele ya safari.

Marehemu Hedley Arthur Scrimshaw alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949 hapa hapa Gedby Drove, katika nyumba za vibarua ng'ambo ya mfereji mkubwa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Wilfred Scrimshaw, mkulima wa viazi katika mashamba ya wengine, na Bibi Ada, na alibatizwa katika kanisa hili mwezi Mei mwaka huo huo. Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1954, jengo ambalo leo ni nyumba ya wikendi ya watu wa London, kisha mwaka 1960 akaenda Spalding kwa masomo ya sekondari, akayamaliza 1964, bila kutajwa sana kwa mema wala kwa mabaya.

Alianza kazi kwa kuvuna viazi pamoja na baba yake, na mwaka 1971 akaajiriwa na bodi ya mifereji, wale wanaohangaika usiku na mchana ili nchi yetu hii ya tambarare isirudi kuwa kinamasi ilivyokuwa zamani, akakabidhiwa pampu ya mwisho wa njia pamoja na nyumba iliyo kando yake. Nyumba hiyo ndiyo mnayoiita Nyumba ya Pampu, imesimama peke yake kati ya mashamba, ukipiga kelele pale anayekusikia ni kunguru, na alipostaafu mwaka 2014 bodi ilimwuzia, akasema hatoki tena mpaka atolewe.

Tarehe 15 Septemba 1973 alifunga ndoa na Muriel Toynton, binti wa mwoka mikate wa Holbeach, wakajaliwa watoto wawili, Alison aliyezaliwa 1976, muuguzi huko Leeds, na Colin aliyezaliwa 1979, fundi wa kuchomelea vyuma huko Hull. Waliishi vizuri, kwa utani mwingi, na mama mdogo ameniruhusu niseme kwamba katika miaka yote hiyo hawakuwahi kukubaliana madirisha yafunguliwe au yafungwe.

Mwaka 1997, baada ya vibanda vya bustani kuvunjwa na mashine za kukata nyasi kuibwa, marehemu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiunga na ulinzi shirikishi wa kijiji, akavaa kizibao cha njano, akasimama barabarani na kifaa cha kupimia mwendo wa magari, akampima hata Mchungaji, ambaye alikuwa amezidisha. Vikao vya baraza la kijiji hakuvikosa, alikaa kiti cha nyuma kabisa, akavumilia mwaka mzima wa mjadala juu ya mahali pa kuweka pipa la kinyesi cha mbwa, na alipoulizwa kwa nini anajitesa hivyo, alijibu, “Nisipokwenda watasema nilikubali.”

Ndugu waombolezaji, sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini aliyenituma hataki niruke. Tarehe 12 Novemba 2023, Jumapili, saa sita mchana, mashamba yakiwa matupu baada ya mavuno, walikuja wale tunaowaita watu wa mbwa, wanaokuja kila vuli kukimbiza sungura kwa mbwa wa mbio na kuwekeana dau, jambo ambalo sheria inalikataza, na ambalo kila mkulima hapa analijua kwa ngano yake changa iliyokanyagwa na kwa matusi aliyotupiwa. Jirani yetu Duncan Maltby alikwenda kuwasimamisha katikati ya shamba lake mwenyewe, gari likamgonga kwa makusudi, likamvunja nyonga, likampita, likaondoka taratibu kwa njia ya daraja la pampu, chini ya dirisha la juu la nyumba ya marehemu. Marehemu aliuona uso wa dereva waziwazi, akapiga simu, akaandikisha maelezo, na kwa maelezo hayo watu wawili wakakamatwa, wakashtakiwa, wakatolewa kwa dhamana.

Askari wetu wa polisi jamii, binti Tamsin Fairlie, alikaa sebuleni kwao akanywa chai na kumwahidi, “Mzee Hedley, jina lako halitoki kwangu, kijijini nitasema mkazi mmoja tu, na mahakamani nitaomba utoe ushahidi nyuma ya pazia, wasikuone.” Na alitimiza, kwa maana katika kikao cha baraza cha tarehe 7 Desemba alisema mkazi mmoja, asizidishe neno, lakini ukumbi mzima uligeuka ukatazama kiti cha nyuma, mwenyekiti akapendekeza shukrani, watu wakapiga makofi, na marehemu akawa mwekundu mpaka masikioni, na, kusema kweli, alifurahi.

Ninyi ni watu wangu, mnajua tulivyo. Kwetu mtu akitenda jema hashukuriwi mdomoni ikaisha, shukrani huingia katika kumbukumbu za baraza kwa jina na nyumba, ndivyo tulivyomfanyia aliyepaka rangi benchi na aliyekuza boga kubwa, na katibu wetu Bi. Rosalind Pogson, ambaye hajawahi kumtakia mtu mabaya, aliandika kama alivyoandika kwa miaka ishirini, kwamba baraza linamshukuru kwa dhati Bw. Hedley Scrimshaw wa Nyumba ya Pampu kwa ujasiri wake wa kuwatambua wahalifu. Ikabandikwa ubaoni kituo cha basi, ikaingia katika jarida la kijiji la Krismasi, ikaingia mtandaoni. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, yetu ilikuja na maua pembeni ya ukurasa, mateke yakafuata.

Bi. Rosalind alipotambua alikwenda analia, akasema, “Hedley, niliandika kama tunavyoandika siku zote,” naye marehemu akamvutia kiti, akamwambia, “Najua, Rosalind. Kaa kwanza, chai inapoa.” Ukurasa ukang'olewa ubaoni, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tarehe 30 Desemba asubuhi walikuta sungura aliyekufa mlangoni, amelazwa vizuri juu ya ukurasa ule wa jarida, kana kwamba aliyemleta hakutaka kuchafua kizingiti. Katikati ya Januari gari likaanza kusimama darajani, mchana kweupe, mtu ndani yake anakula mkate wake bila haraka, na siku moja marehemu alipotoka kuchukua kuni akamsikia akimwita kwa sauti ya upole, “Mzee Hedley, habari za leo? Pampu bado inafanya kazi? Itunze, pampu ni kitu muhimu. Na mama hajambo?” Hakutukana, hakutisha, akafunga kioo akaondoka, na polisi walipoitwa walisema kwa masikitiko kwamba kuuliza hali ya pampu si kosa.

Hapo ndipo hofu ilipohamia katika nyumba ile na kukaa kama mgeni asiyeaga. Marehemu aliuziba kwa ubao upenyo wa barua mlangoni, kwa kuwa alisikia kwingine watu walimiminiwa petroli kwa njia hiyo, akaweka ndoo za maji ukumbini, akaacha kuja kanisani, akaacha kuwasha redio ili asikie magari. Mama mdogo anasema ubao ule haukumwogopesha sana, kilichomwogopesha ni mume aliyemzoea kwa utani kukaa siku nzima pasipo hata kulalamikia dirisha. Nasi wengine, tuseme ukweli mbele ya jeneza, tulipungua, zamu za ulinzi zikasimama, hakuna aliyesema anaogopa, ila ghafla kijiji kizima kilikuwa kinaumwa mgongo.

Mwishoni mwa Januari marehemu alimwambia askari Tamsin, “Nifutie, binti yangu. Andika kwamba sikuona vizuri, mimi ni mzee, macho yana ukungu.” Tamsin akamjibu, “Siwezi kukulazimisha, mzee, wala sitakulaumu. Lakini dereva hakuna mwingine aliyemwona, hata Duncan haukumbuki uso wake. Ukinyamaza, Duncan atabaki na magongo yake, na wale watarudi vuli ijayo wakijua hapa wanaogopwa.” Marehemu akasema apewe siku chache afikiri, na hakuzipata.

Alikuwa na maradhi ya moyo tangu 2019, akitibiwa na kuendelea vizuri, lakini tarehe 2 Februari 2024 alianguka bustanini, akapelekwa kwa gari la wagonjwa mpaka hospitali ya Boston, mji wetu huu wa jirani, akalazwa, na madaktari walifanya kila walichoweza mpaka alipofariki alfajiri ya tarehe 11 Februari, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Daktari ameandika moyo, na familia haina la kuongeza juu ya alichoandika daktari.

Siku mbili kabla ya kufariki alimshika mkewe mkono akamwambia, “Mu, wakikuuliza, ulikuwa jikoni.” Mama mdogo akamwuliza, “Jikoni lini?” Akamjibu, “Jumapili ile. Ulikuwa jikoni unamenya viazi, hukuona kitu. Polisi nimeshawaambia hivyo, usije ukanigeuka.” Naye akaitikia sawa, maana mgonjwa habishiwi.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wenzake wa bodi ya mifereji waliolibeba jeneza, na askari Tamsin, ambaye leo ni siku yake ya mapumziko na bado amesimama pale mlangoni kwa sare. Kuna majirani waliopokezana kulala Nyumba ya Pampu wiki zile za mwisho, na kuna aliyekuwa akipeleka supu kwa kupita nyuma ya mashamba ili gari lake lisionekane, mnajijua, tunawashukuru kutoka moyoni, na hatuwataji. Msituone wachoyo.

Historia hii ilipaswa kuishia hapo. Jana jioni mama mdogo alinipa maneno mengine ya kuongeza, nikamwambia, “Mama mdogo, haya hayasomwi kanisani, hatujui nani atakuwa amekaa viti vya nyuma.” Akaniambia, “Ndiyo maana nataka yasomwe. Na usiyakimbize, soma polepole.”

Basi nasoma kama alivyoniandikia. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, saa sita mchana, Muriel Scrimshaw wa Nyumba ya Pampu hakuwa jikoni. Alikuwa dirishani, bega kwa bega na mumewe, alimwona dereva kama mumewe alivyomwona, juzi Jumatano ameandikisha maelezo yake polisi, na tarehe 19 Machi atakwenda Lincoln kuyasema mahakamani, na pazia amelikataa.

Karatasi hii namrudishia mwenyewe, amekaa hapa mbele, mnamwona. Pumzika, baba mdogo Hedley, ile hofu uliyotaka kwenda nayo peke yako imebaki huku kwetu.