Rosaire, Aliyetuchagulia Jimbo

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, Rosaire Thibodeau anavua aproni yake kwa mara ya mwisho baada ya kuitumikia kampuni ya bunduki ya Hale kwa miaka arobaini na mmoja: thelathini na mmoja kule Colburn Falls, Connecticut, na kumi hapa Tolliver, Arkansas. Ofisi ya utumishi imeniomba mimi, Wanda Piekarski wa ukaguzi, niandike maneno machache ya kuchangamsha, nami nayasoma mwenyewe hapa ukumbini. Nimeombwa mimi kwa sababu kati ya wote mliopo, ni mimi peke yangu niliyemjua Rosaire akiwa na nywele. Kuchangamsha nitajitahidi. Nikishindwa, keki ipo.

Rosaire ni fundi wa vitako vya bunduki. Mgeni akija kiwandani husifu mtutu, husifu chuma, huuliza risasi inafika wapi. Hakuna anayeuliza habari za ile mbao anayoiegemeza begani na shavuni. Rosaire ameichonga, ameipiga msasa na kuipaka mafuta siku zote hizo bila kusifiwa, na sijawahi kumsikia akilalamika. Mimi ningelalamika, tena kwa sauti.

Alianza akiwa kijana mwembamba, chini ya mzee Zygmunt Baran, fundi mkuu wa vitako, mtu mkali kama pilipili. Wiki yake ya kwanza aligundisha mkono wa shati lake kwenye kitako. Akaona haya kusema. Akaenda nacho kantini, akala chakula cha mchana huku kitako kikining'inia mkononi. Mzee Baran akamtazama weee, kisha akasema, "Kijana, hiyo supu hatukuibii. Weka silaha chini." Hadithi hiyo ilisimuliwa Colburn Falls mpaka watoto waliozaliwa baadaye wakawa wanaisimulia kana kwamba walikuwepo.

Wenzangu wa hapa mnamjua kwa kugonga. Kabla hajaanza kukata ubao wa mjozi, huugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ubao mzima hulia vizuri, wenye ufa ndani husikika kama chungu kibovu. Kule nyumbani, kila alipogonga, lazima mtu wa meza ya jirani aitike, "Karibu!" Mwingine adakie, "Hayupo, kaenda kanisani!" Na mwingine, "Kama ni deni, njoo kesho!" Kutwa nzima hivyo hivyo, na kutwa nzima tunacheka kama vile ndiyo kwanza tunausikia utani huo. Upuuzi mtupu. Ningetoa meno yangu yote nipate asubuhi moja tu ya upuuzi ule.

Sasa nieleze jambo la mihuri, maana bila hilo hamtanielewa. Colburn Falls kila fundi alikuwa na muhuri wake mdogo wa chuma, alioutengeneza mwenyewe: herufi, ua, samaki, chochote. Mtu akistaafu alipewa bunduki, na kabla ya kuifunga, wenzake wote walipiga mihuri yao ndani ya kitako, kwenye mfereji ule unamolala mtutu. Bunduki ikishafungwa hakuna anayeiona alama hata moja. Mstaafu anajua zipo, basi. Mzee Baran alizikwa na kitako chake, na mkewe ndiye aliyetaka hivyo.

Kisha ikaja sheria mpya kule Connecticut, na bunduki yetu ya Nambari Saba, iliyokuwa ikitulisha sote, ikawa hairuhusiwi kuuzwa wala kumilikiwa hata na jirani wa ng'ambo ya barabara. Kuitengeneza, sawa. Bwana Prescott Hale, mjukuu wa mwanzilishi, akasimama juu ya kreti akatuambia, "Siwezi kupika chakula ambacho nyumbani kwangu ni haramu kukila." Akasema anatafuta jimbo linalopenda bunduki. Angesafiri na mwanasheria, mhasibu, na mfanyakazi mmoja tutakayemchagua sisi. Tukamchagua Rosaire, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuna aliyewahi kugombana naye.

Majimbo yaliwapokea kama maharusi. Wyoming waligawiwa kofia pana, na upepo ukaichukua ya Bwana Hale kabla hotuba haijaisha. Rosaire akasema, "Bosi, kama kofia imekataa kukaa, sisi je?" South Carolina walikula kamba wa baharini wakavimbiwa, wakaonyeshwa uwanja tambarare usio na mwisho. Rosaire akaguna tu. "Watu wetu wamezoea kuegemea kitu," akasema. Hapa Arkansas, mama aliyewahudumia hotelini alikuwa na bastola kiunoni, akamwuliza Rosaire kama anataka maharage zaidi. "Nikamwambia ndiyo mama, chochote utakachosema," ndivyo anavyosimulia yeye, na akifika hapo hucheka mwenyewe kabla ya msikilizaji.

Mwanasheria alikuwa akitazama sheria. Mhasibu alitazama kodi. Bwana Hale, nadhani, alitazama ni nani aliyemkumbatia kwa nguvu zaidi. Rosaire alitazama mlima. Nyuma ya kiwanja tulichojenga upo mlima wenye miti, na chini yake mto, na ukisimama kwenye kona ya uzio karibu na kituo cha mafuta, utaapa uko Colburn Falls. Rosaire alisimama kwenye kona ile na kofia mkononi. Akasema, "Hapa watakuja." Bwana Hale aliniambia mwenyewe baadaye kwamba maneno hayo mawili ndiyo yaliyoamua, kwa kuwa kiwanda bila mikono ile kingekuwa banda la mashine tu.

Akarudi na picha, akazibandika ukutani kantini. Tukajazana kuzitazama. Akaeleza habari za mto, za baridi kidogo wakati wa Krismasi, za kanisa Katoliki dogo lenye samaki wa Ijumaa. Alikuwa anang'aa uso kama mtu aliyetuletea zawadi. Ndipo Genowefa Baran wa kung'arisha, mjane wa mzee Baran, akasema kutoka nyuma, "Mlima tunao, Rosaire. Huo mwingine wa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Rosaire naye akacheka, lakini masikio yakamwiva.

Hawakuja. Nisiwazungushe. Tulikuja wachache, gari mbili tatu, tukiimba njiani. Mmoja akarudi kwa sababu ya joto, mwingine kwa sababu ya wajukuu, mwingine alisema ni chai yenu hii ya baridi yenye sukari, na sijui kama alikuwa anatania. Tukabaki wawili. Mimi sikuwa na wa kumwacha, mume alishaniacha yeye. Rosaire alikuwa na mkewe, Lucille.

Lucille alikataa tangu siku ya kwanza. Mama yake alikuwa hai bado, na kaburi la mtoto wao liko kule, mlimani. Wakakubaliana Rosaire aje miaka miwili, akianzishe kiwanda, arudi. Lucille alikuja mara moja kutembea. Akaonyeshwa mto, akaonyeshwa kanisa, Loretta Stubblefield wa hapa kwetu akamkaangia kambare na mkate wa mahindi. Akala, akashukuru, akatazama mlima kwa muda. "Ni pazuri, Rosaire," akasema. "Ni pazuri kweli. Nirudishe nyumbani."

Miaka miwili ikawa kumi. Kazi aliyoifanya hapa mnaijua kuliko mimi: karibu kila fundi wa mbao mliyenaye amepita mikononi mwake, na hakumfokea hata mmoja, tofauti na alivyofundishwa yeye. Tuzo ya ubora iliyo pale mapokezi ni ya meza yake. Na nyinyi watu wa Tolliver, sina neno baya juu yenu. Mmetulisha, mmetualika, mmetuombea hata tulipokuwa hatuumwi. Lakini wema ni kitu kimoja, na kujuliwa ni kingine. Akigonga ubao hapa, kila mtu ana vizuia sauti masikioni, na mashine zinaunguruma. Hakuna anayeitika. Nikipita karibu mimi humpigia kelele, "Hayupo!" naye huinua mkono bila kugeuka. Ndiyo mazungumzo yetu siku nyingine, mwanzo na mwisho.

Chakula cha mchana hula kwenye kona ile ya uzio. Siku moja nilikwenda kukaa naye. Nikamwambia, "Unafanana kweli, ule mlima." Akasema, "Jua linazama upande usio wake, Wanda." Akaendelea kutafuna.

Mara nyingi nilimwuliza anarudi lini. "Mwakani," anasema. Mwakani ikifika, mwakani tena. Nilidhani ni kazi. Kumbe ni hofu. Kiwanda cha zamani kilipofungwa milango, alikwenda likizo, akamsalimia Genowefa kanisani, na yule mama akageuza uso. Aliniambia siku moja garini, mikono yote miwili kwenye usukani, "Wanda, kule wananiona mimi ndiye niliyezima taa. Nitakwenda kuishi vipi mahali nilipozima taa?"

Majira ya baridi yaliyopita Lucille aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Rosaire akaandika barua ya kustaafu siku ileile. Hofu hakuiacha, alikwenda nayo hivyo hivyo mpaka ofisini.

Kampuni ikamwandalia Nambari Saba nzuri kuliko zote. Nikawaeleza vijana wetu wa hapa habari za mihuri, nao wakatengeneza ya kwao kwa furaha: nguruwe-mwitu, gitaa, kambare mwenye masharubu. Loretta alichora bastola ndogo, kwa ajili ya yule mama wa maharage. Lakini mwezi uliopita mwanasheria akaja na uso wa msiba. Bunduki hiyo, Connecticut haiingii. Tulihama kwa sababu yake, na sasa mtu akirudi kwao hawezi kurudi nayo. Wakamwambia aiuze au aiache hapa. Rosaire akaigongagonga kidogo mbao yake. Kisha akasema, "Ifungueni. Chuma kibaki kwenye kabati la kioo, mimi nipeni ubao. Ubao hauna kesi na mtu."

Kwa hiyo leo atakabidhiwa kitako bila bunduki. Msicheke.

Na sasa Rosaire, hili hukulijua. Wakati wa Pasaka nilipokwambia ubao wako uko kwenye mafuta, nilikudanganya. Ulikuwa kwenye begi langu. Nilikwenda nao Colburn Falls. Nilipita nyumba kwa nyumba, jikoni kwa jikoni, na kila mtu alikwenda kutafuta muhuri wake, mmoja kwenye droo ya vijiko, mwingine kwenye sanduku la nyuzi. Hakuna aliyeutupa. Walipiga mihuri juu ya meza za kulia, na ukiona alama imekaa upande, ujue ni Leopold na lile jicho lake bovu. Waliuliza unakula nini. Waliuliza kama bado unagonga.

Nyumba ya Genowefa nilipita mara mbili kabla sijaingia. Akanimiminia kahawa, akausoma ule ubao kwa vidole, maana macho yamekwenda. Kahawa ikapoa. Nilikuwa tayari kuondoka niliposikia nyundo. Hakutumia muhuri wake. Alipiga wa mzee Baran, ule wa shoka. Akanisukumia ubao na kusema, "Mwambie mlima bado upo. Aache ujinga, arudi." Basi nikalia jikoni kwa watu, mimi Wanda, na kahawa ya watu mkononi.

Jioni nikapita kwa Lucille. Anatembelea fimbo sasa. Nikamwuliza kama ana neno. Akasema, "Asije na kofia ya Arkansas. Mengine yote, aje nayo."

Jumatatu nitakuja kazini kama kawaida. Nitapita kwenye meza yako kwa mazoea, na nadhani nitagonga ubao mmoja, na sidhani kama kuna wa kuitika. Hilo ni langu, nitalizoea. Au sitalizoea, tutaona.

Rosaire, kwa niaba ya kampuni ya Hale, kwa niaba ya Tolliver iliyokupata na Colburn Falls iliyokukosa, asante kwa kazi yako. Uishi vizuri, ulale usingizi, na jua likuzamie upande wake. Na ukifika kwako, usiingie kama mgeni wala kama mwizi. Simama, gonga mlango kwa kifundo cha kidole kama ulivyogonga mbao zako zote, utege sikio. Mara hii yupo wa kuitika.