Machela Iende kwa Elick

Wekeni chini hiyo machela, wanangu, msinipandishe bado. Kaeni mnisikilize, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Paschal, toka mlangoni, unanizibia hewa.

Nimewasikia mkinong'ona uani. Elick ameanguka kutoka juu ya paa lake asubuhi hii, nyonga imevunjika, nanyi mkacheka. Wewe Rogasian ukasema Mungu amejibu. Nami hapa kitandani nilicheka, nawaambia kweli, nilicheka mpaka kifua kikabana, na kila alipopiga yowe kule ng'ambo ya migomba nilitamani apige jingine. Kwa hiyo msidhani anayesema nanyi ni mtakatifu.

Elick alipotoka gerezani hapa Ntobeye hakuna aliyetaka hata salamu yake. Mimi nilimpa kipande cha shamba alime mpaka asimame, na kwa kuwa nilikuwa katekista na neno langu lilisikika, nilisimama mbele ya chama cha machela nikasema mwandikeni, akiugua tumbebe, nasi tukiugua atubebe. Miaka minne baadaye nilimwomba anirudishie shamba ili Rogasian ajenge, akakataa. Mwezi uleule mtoto wake akafa kwa homa, naye akasimama kwenye mkutano wa chama akasema Celestini ndiye aliyemla mtoto kwa uchawi. Mimi! Niliyembatiza mtoto yule kwa mikono hii akiwa mahututi, padre yuko mbali! Na watu niliowafundisha ishara ya msalaba wakanyoosha mikono, wakanifuta chamani.

Kilichofuata mnakijua, lakini Theodosia alikuwa kwa mumewe, acheni asikie. Mama yenu Scholastika alipozidiwa nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiomba, hakuna aliyetoa bega. Nikamfunga kwenye baiskeli kwa kamba za migomba, kama gunia la mkaa, nikasukuma. Tulipopita kwa Elick alikuwa barazani anamenya ndizi. Akatutazama, akaendelea kumenya. Mama yenu alikufa kabla hatujafika mtoni, nami niliendelea kusukuma kwa sababu sikujua nisimame wapi.

Tangu siku hiyo, miaka tisa sasa, kila tukisali hapa nyumbani na kufika kwenye "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," mimi hukohoa. Mlidhani ni kifua. Hakikuwa kifua, nilikuwa nakwepa. Sasa kikohozi cha kweli kimekuja, na sina tena pa kujificha.

Machela ya chama ilishaoza, watu siku hizi wanapanda pikipiki, lakini mwenye nyonga iliyovunjika hapandi pikipiki, na mvua imekata barabara, gari halipiti. Imebaki hii niliyoisuka baada ya kumzika mama yenu, ili mnibebe ninyi wenyewe. Ipelekeni kwa Elick.

Nyamaza, Rogasian! Najua hospitali ni nusu siku kwa miguu. Nikienda mimi leo huenda nikapata wiki kadhaa. Mkimbeba yeye, hamtanikuta. Nimeliwaza hilo tangu alipoanza kupiga yowe. Bwana hakusema nimtendee mema adui yangu siku nitakayojisikia.

Shamba gawaneni sawa, Rogasian na Paschal. Nyumba hii ni ya Theodosia, na asiwepo wa kumwambia ameolewa. Kipande alichokishika Elick, akipona, mdaini mbele ya wazee, tena kwa sauti. Kusamehewa hakumfanyi mwenye shamba. Ila leo njiani asisikie neno baya. Wala msimtikise makusudi kwenye mawe ya mteremko. Najua mnachowaza, nimekiwaza kabla yenu. Atakayemwangusha asishike jembe la kunizika.

Wabebaji ni wanne. Ninyi wawili, na Erasmus mume wa Theodosia, na Theodosia mwenyewe. Najua mwanamke habebi machela. Leo anabeba. Mimi niachieni maji hapa karibu na mkono... hapo, hapo panatosha.

Na msimpitishe mlangoni kwangu. Nimemsamehe, lakini sina hamu ya kumwona.

Njooni niwashike vichwa. Mungu ayabariki mabega yenu. Awape watoto watakaowabeba bila kuombwa... awaondolee moyoni hiki kilichonila mimi miaka tisa. Mkisali njiani, mkifika kwenye lile neno... msikohoe.

Haya, inueni. Nendeni.

Theodosia... ngoja. Mvua hii... atatetemeka yule. Chini ya kitanda, kwenye sanduku, kuna blanketi. La mama yenu... la siku ile. Sijawahi kulifua. Mfunikeni nalo.